Macho ya Nesi wa Karoti

Siku hizi nikipita kwake asubuhi namkuta ameketi barazani, uso ameuelekeza upande jua linakotokea, mikono ikimenya karoti za uji wa watoto wa jirani. Kisu chake ni kidogo na makali yake yanatisha, lakini sijawahi kumwona amejikata. Kabla sijafungua mdomo anasema, "Mama Paskali, leo umevaa mabuti ya mumeo." Nami namwambia shikamoo Nesi, ananiitikia marahaba, tunaanza kuteta.

Hapa kijijini kwetu Maretadu manesi wamekuja wengi, na wengine wamehamishwa kabla hatujayazoea majina yao. Lakini ukisema Nesi bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni huyu mama mstaafu anayekaa jirani na zahanati. Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa akina nani, hayo sitayasimulia. Sijawahi kumuuliza, na yeye si mtu wa kukaa akajisimulia. Ninachokijua ni nilichokiona kwa miaka yote ya ujirani wetu, tangu siku nilipompelekea kifungua mimba wangu kupimwa uzito hadi sasa ambapo huyo kifungua mimba ana ndevu.

Nesi amepofuka. Naliandika mapema ili lisije likamshtua mtu huko mbele. Na ni Nesi huyuhuyu aliyemaliza maisha yake ya kazi akitufundisha kwamba karoti ni macho. Mnaona shida ilipo. Giza lenyewe amelipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Kinachomnyima raha ni kwamba akina mama watamtazama yeye, watazitazama karoti, halafu wataacha kuwapa watoto. Akilisema hilo sauti yake hubadilika.

Kama hukukutana na Nesi alipokuwa na macho yake, basi hujui kuvutwa kope. Watu wengine wakikusalimia wanakupa mkono. Yeye alikupa mkono wa kulia, na kwa kidole gumba cha kushoto akakuvuta chini ngozi ya jicho aone kama ndani kuna damu ya kutosha. Alifanya hivyo zahanati, alifanya gulioni, alifanya nje ya kanisa watu wakiwa wamependeza kwa nguo za Jumapili. Kwenye harusi ya kaka yangu mdogo alipita mbele kutoa zawadi, akamkumbatia bibi harusi, akamvuta kope mbele ya ukumbi mzima na kumwambia Jumatatu afike zahanati. Upande wa wakwe walinuna mpaka keki ikakatwa. Bibi harusi alifika hiyo Jumatatu, na kweli damu ilikuwa chini.

Alikuwa mkali, tusifichane. Mama aliyeleta mtoto na kadi ya kliniki iliyochanika alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke. Wanaume walioketi nje wakisubiri wake zao aliwaita ndani, akawapa watoto wawabebe, akawauliza huyu wa kwako jana alikula nini. Wengi hawakujua, na aliwaacha wasimame hivyo hivyo na watoto mikononi. Lakini ilikuwa kawaida jioni kuisikia pikipiki yake ikipanda kilima kwenda kwa yule yule aliyemfokea mchana, amefunga nyuma mfuko wa unga wa lishe. Akifika huko haombi radhi. Anauliza tu kama maji yamechemka.

Mimi na yeye tulizoeana kwa sababu ya ugomvi. Mimi ni mkulima wa saladi. Nasema saladi nikimaanisha yale majani mapana ya kijani ambayo hotelini hutandikwa chini ya nyanya na vitunguu. Hapa kwetu watu wanalima mahindi na maharage, na wenzetu wa Bashay wana vitunguu swaumu vyao, lakini mimi niliingia kwenye saladi baada ya dalali mmoja kuniambia hoteli za watalii kule Karatu zinaitafuta. Baridi yetu saladi inaipenda. Ilistawi. Mume wangu aliionja bila chumvi, akatafuna muda mrefu, akaniuliza kama nimemwandalia chakula au nimekosea nikampa cha mbuzi.

Nesi alikuja kuiona hiyo bustani iliyokuwa ikisemwa. Alisimama kwenye ukingo wa tuta, akachuma jani la katikati, lile lililopauka ambalo wanunuzi wanalipenda, akalikamua kiganjani mpaka likatoa maji. "Saladi ni maji yaliyovaa nguo ya kijani," akasema, akajifuta mkono kwenye aproni yake na kwenda zake. Niliumia. Nilikuwa nimeinama kwenye hilo tuta tangu asubuhi. Siku iliyofuata nilimfuata hadi zahanati nikamwambia kwamba karoti zake nazo ni mizizi tu, chakula cha fuko. Akacheka kwa sauti mbele ya wagonjwa. Nadhani hapo ndipo aliponipenda.

Siku za kliniki alileta jiko la mkaa kutoka kwake, na sufuria mbili ndogo. Kwenye moja alitia maji, kwenye nyingine samli kidogo. Alikwangua karoti, akaigawa sehemu mbili, akaacha zote zichemke huku akipima uzito wa watoto. Akimaliza anatuita tuzunguke tuangalie. Maji yalikuwa yamebadilika kidogo tu, lakini samli ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa kabisa. Akatueleza kwamba rangi hiyo ndiyo dawa yenyewe, ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya kumsaidia mtoto aone mwanga ukiwa hafifu, na kwamba inashikana na mafuta, haishikani na maji. Mtoto aliyechemshiwa karoti kwa maji matupu anashiba tu, nyingi ya dawa inampita. Akina mama waliokuwa wakichemsha karoti kwa maji mwezi mzima wakaangaliana. Yeye hakuwacheka. Aliwagawia hiyo karoti ya samli wailambe kwenye vidole.

Kuhusu saladi nilidhani ameshaihukumu. Kumbe nilikuwa namsikia nusu. Siku moja alipita akanikuta nachambua mzigo wa dalali. Majani ya nje, yale ya kijani kilichokolea, dalali hayataki, kwa hiyo mimi nilikuwa nayatupa kwenye banda la nguruwe. Nesi alisimama pale bandani akimwangalia nguruwe anavyokula. Aliponigeukia alikuwa amekasirika kweli.

"Mgeni unampa maji," akaniambia, "nguruwe unampa vitamini, na watoto wako wanakula ugali na maharage."

Tulikaa juu ya magunia akanieleza, na nakumbuka alivyokuwa akiyakunjua yale majani moja moja mapajani. Jani la nje lina dawa ile ile ya karoti, ingawa karoti inalizidi. Lakini lina kitu ambacho karoti inacho kidogo mno: foliki, ambayo mama mjamzito anaihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri tumboni, na lina kile kinachosaidia damu kuganda mtu akijikata. Karoti nayo ina nguvu zaidi, ina utamu ambao mtoto haukatai, na unaweza kuifukia mchangani ikakaa, wakati saladi inanyauka kabla hujafika nayo gulioni. Nikamwambia basi tumalize ubishi, aniambie kipi bora.

"Bora kwa nani?" akaniuliza. "Mtoto anayejikwaa jioni mpe karoti na mafuta. Mwenye mimba mpe majani ya nje, na vidonge vyake asiache. Mtu mzima mwenye afya mpe vyote viwili na usimsumbue."

Hilo la bora kwa nani liliingia nyumbani kwangu likakaa. Wanangu wakibishana timu ipi bora, mmoja lazima aulize bora kwa nani. Mume wangu nikimuuliza kati ya hii khanga na ile, ananijibu hivyo hivyo, mjanja, ili asichague. Na yale majani ya nje nilianza kuyakaanga na kitunguu na nyanya kama mchicha. Wapishi wa Karatu wangeniona wangeshika vichwa, lakini ugali ulishuka.

Samli yake ilikuwa ikitoka Hanang, na hiyo nayo ina hadithi yake. Kabla ya kuhamishiwa kwetu Nesi alifanya kazi Balangdalalu, hukohuko Hanang, bondeni kwa wafugaji. Alikuta watoto wa boma moja hawaoni kitu jua likishazama. Wakati wa kuingiza ndama walikuwa wakijigonga kwenye miti ya zizi. Akasafiri mpaka huku juu, akarudi na karoti, akampelekea mzee wa boma na kumpa somo lote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa. Akazipokea karoti kwa mikono miwili, akashukuru, akamlisha ng'ombe wake.

Nesi alipoambiwa alirudi akiwa amefura. Mzee hakuona alichokosea. Alimwambia majani na mizizi ni kazi ya ng'ombe: yeye anakula, sisi tunakunywa. Nesi anasema aliondoka akifoka peke yake juu ya pikipiki, akafika mbali, halafu akaisimamisha katikati ya njia. Lilikuwa limemjia kwamba mzee hakuwa amekosea sana. Ng'ombe akila kijani ile dawa inaingia kwenye mafuta ya maziwa yake, na ndiyo maana samli ya wakati wa mvua ni ya njano. Sasa kama ni hivyo, kwa nini watoto wa boma lenye ng'ombe wengi namna ile hawaoni?

Akageuza pikipiki. Safari hii hakufundisha, aliomba aonyeshwe maziwa yanavyokwenda. Akina mama wakamwonyesha. Maziwa yalitikiswa kwenye kibuyu mpaka mafuta yakajitenga, mafuta yakafanywa samli, samli ikapelekwa mnadani, na watoto wakanywa yale yaliyobaki. Dawa ya macho yao ilikuwa inauzwa kila mnada. Nesi akamwomba mke wa mzee aache upawa mmoja wa samli ndani kwa ajili ya watoto kila wanapotikisa. Mama yule alifikiri, akakubali bila ubishi, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa akimlazimisha kula jani. Nesi akawapa watoto na matone ya vitamini A kutoka kituoni. Baada ya muda wale watoto walikuwa wakiingiza ndama wenyewe. Miaka yote iliyofuata, hata alipohamia kwetu, ile familia ilikuwa ikimtumia samli kwenye chupa. Ndiyo aliyokuwa akipikia karoti zetu za mlimani.

Sasa nitasema jambo ambalo aliniapisha nisiliseme, ila kwa kuwa sasa analisema mwenyewe, sina kosa. Nesi hapendi karoti. Hazipendi tangu utotoni, harufu yake inamtia kichefuchefu. Nilimgundua siku ya ubatizo wa mwanangu wa mwisho. Nilipika wali wa karoti kwa heshima yake, nikamwona anazisogeza pembeni ya sahani moja moja, halafu anazihamishia kwenye sahani ya Paskali akisema mtoto anazihitaji zaidi. Nilimbana jikoni. Akaangalia mlangoni kwanza, ndipo akakiri. Akaniambia nikimwambia mtu yeyote atanichoma sindano nene, isiyo na ganzi. Alichokuwa akipenda ni saladi yangu, hasa yale majani ya nje, kwa chumvi na ndimu. Alikuwa akija kuila jikoni kwangu amesimama, haraka haraka. Yule aliyeiita maji yaliyovaa nguo!

Na chai yake alikuwa akiitia sukari ya kulundika, huku mabango ya kukataza sukari yakiwa ukutani nyuma yake. Ukimwangalia kwa jicho la kuuliza alikuwa akisema nesi naye ni mtu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo si la kucheka. Nesi alijua kwamba watu wanaondoka na maneno mafupi. Somo la mafuta na vitamini lilikuwa refu, kwa hiyo mwisho wa kila kliniki alilifunga kwa sentensi moja ambayo akina mama waliiimba naye: mla karoti haendi kwa daktari wa macho. Mimi nilimwuliza kama hiyo ni kweli. Akanijibu kwamba ukweli mrefu wanausahau getini. Alitaka mtoto ale karoti jioni ile ile, na sentensi ile ilifanya kazi hiyo. Hata kanisani watoto waliiimba.

Macho yake yalianza kuondoka pembeni. Hakuna aliyejua, hata yeye, kwa sababu hayakuuma. Sisi tulichokiona ni kwamba Nesi ameacha kusalimia. Alikuwa akimpita mzee aliyeketi kando ya njia bila shikamoo, akinyoosha shingo mbele kama mtu mwenye haraka. Kwetu hilo si jambo dogo. Vijana waliomsalimia kwa kuinama kidogo, wakingoja awaangalie, walingoja bure. Watu wakaanza kusema kustaafu kumempa maringo, amepata kiinua mgongo anatuona sisi nyasi. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda mpaka kwake kumuuliza wamemkosea nini. Nesi alishangaa. Alimwambia kwamba hakumwona. Mzee alirudi hajaridhika, maana ni nani asiyemwona mtu mzima mwenye koti jekundu?

Mimi nilistuka siku alipojigonga kwenye mlango wangu uliofunguliwa nusu, mlango ambao ameupita miaka yote ya ujirani wetu. Nikampeleka hospitali kubwa mjini. Daktari akamwambia ni presha ya macho, inakula mwanga kutoka kando kuja katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Angekuja mapema wangekizuia. Alitumia dawa za matone kwa uaminifu, ila zilimkuta amebakiwa na kidogo, na hicho kidogo nacho kikaisha. Tukiwa kwenye basi la kurudi aliniuliza tumepita wapi, nikamwambia. Baadaye kidogo akasema, "Kwa hiyo yule mzee wa koti jekundu sikumpa shikamoo." Akalia. Alikwenda kumwomba radhi kesho yake, mimi nikimshika mkono.

Habari ilipoenea ikageuka. Mtu mmoja, simtaji ingawa sauti yake naijua, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wasapu la kijiji. Akasema kwa kicheko kwamba Nesi kala karoti miaka yote, leo anaongozwa kwa fimbo, sasa hizo karoti zilikuwa za nini. Wengine wakacheka kwa zile alama za kucheka. Nilizima simu kwa hasira. Ningempata yule mtu siku ile ningemmwagia maji ya kumwagilia saladi.

Kicheko ningekivumilia. Lakini kuna mama kijana anaitwa mama Eliza, aliolewa hapa akitoka Bashay. Eliza wake ana umri wa kukimbia, na jioni alikuwa ameanza kujigonga kwenye ndoo na kuta, akishika shika hewa kumtafuta mama yake aliye mbele yake. Nesi alikuwa amemwambia zamani, kama alivyowaambia wote, ampe karoti za mafuta na ampeleke zahanati akapate matone. Nilipomuuliza amefikia wapi, aliinamisha uso. Mama mkwe wake alimwambia asijisumbue, Nesi mwenyewe karoti zimemfanya nini. Zahanati nayo hakwenda, kwa sababu kama Nesi aliwadanganya, na hao wengine je.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa Nesi nikamweleza hayo maneno ya mama mkwe. Kisu kikasimama kwenye karoti. Nami nikatoa ushauri ambao njia nzima nilikuwa naona ni wa busara. Nikamwambia atangaze siri yetu. Aseme karoti hakuzila kamwe. Watu watasema kumbe ndiyo maana amepofuka, na kesho hakuna mtoto atakayekosa karoti kijiji kizima. Na tena si uongo, hakuzila kweli.

"Ni uongo," akasema. "Hata ningekula gunia zima, huu ugonjwa ungekuja."

Nikamwambia wao hawatajua. Hapo alinigeukia na sura ya kliniki, ile ya zamani, ingawa macho yalikuwa yakiangalia bega langu.

"Mama Paskali, mimi nilichelewa kwa sababu hakukuwa na maumivu. Yuko mtu hapa kijijini ambaye macho yake yanaliwa sasa hivi, naye anakula karoti zake, anasubiri. Huyo nimemfunga mimi mwenyewe, kwa ile sentensi yangu. Kliniki ni lini?"

Ilikuwa Alhamisi. Nesi kijana aliyepo sasa, kijana mpole, alimpisha kiti. Mabenchi yalikuwa yamejaa, watoto wanalia, mvua ya manyunyu nje. Mama Eliza alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuja kwa sababu nilimfuata kwake, na niliona kwamba mguu wake mmoja bado uko nje. Nilimshika Nesi mkono mpaka mbele. Hakukaa. Alivuta kitenge chake vizuri akawasalimia, nao wakampa shikamoo kwa pamoja.

Aliwaambia amekuja kulirekebisha neno lake. Kwamba aliwafundisha kuwa mla karoti haendi kwa daktari wa macho, na lile neno alilitia chumvi akijua, kwa sababu aliwataka wawape watoto haraka. Kwamba kuna kutoona kunakotokana na chakula, ambako karoti na mafuta, na majani ya kijani, na matone ya zahanati vinakukinga na kukutibu. Na kuna magonjwa mengine ya macho ambayo karoti haiyajui wala haiyagusi, likiwemo lake, na hayo dawa yake ni kupimwa kabla hujaona tofauti. Akasema karoti mwenyewe hazipendi. Kukawa na mnong'ono wa kicheko. Akaongeza kwamba hata angezipenda angepofuka, wasije wakajenga sentensi nyingine mpya juu ya hiyo. Alipomaliza zikasikika sauti za mabuti kwenye sakafu, zikielekea nje.

Aliniinamia. "Wameondoka?"

Nilitaka kumwambia wapo wote. Ulimi ulishaanza.

"Wawili wametoka," nikamwambia. "Wengine wapo."

Akatikisa kichwa taratibu. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ya chini, ya mtu asiyezoea kusema mbele za watu.

"Nesi, sasa huyu wa kwangu ana ugonjwa upi?"

Nesi aligeuka kuitafuta sauti, akaangalia dirishani. Nilimshika mabega nikamwelekeza mlangoni.

"Anajikwaa mchana au jioni?"

"Jioni tu. Mchana anakimbia."

Nesi alivuta pumzi, na mimi niliyemshika nilihisi mabega yake yakishuka.

"Huo si wangu, mwanangu," akasema. "Huo unatibika. Mlete."

Mama Eliza akauingiza mguu wake ndani, na watu wakasogeza mabenchi apite.